Kuisoma Kozi ya Kiswahili: Somo kutoka Bonde la Lukuledi



Nitajadili jambo linaloonekana dogo: namna mwanafunzi anavyoisoma kozi ya Kiswahili. Kila muhula nasahihisha majibu yanayofanana neno kwa neno, kwa kuwa yametoka katika madesa yale yale. Swali likigeuzwa kidogo tu, mwenye jibu hana la kusema. Huyo hakusoma, alikariri.

Tumtazame Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 akiwa mgeni wa lugha hii. Aliwasikiliza wenyeji wakisimulia ngano, akaziandika, na mwaka 1870 akachapisha hadithi hizo pamoja na kitabu cha sarufi. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, katika nchi ya mto Lukuledi. Malengo yake ya kimisionari ni mjadala mwingine. Mimi naangalia utaratibu wake wa kusikiliza na kuandika.

Sisi tuliozaliwa katika nchi hiyo tuna hazina ambayo Steere hakuzaliwa nayo, lakini wengi wetu tunaiacha mlangoni mwa darasa kwa haya. Mwanafunzi wa Newala anapofundishwa ngeli ya mtu/watu, na aandike kando munu/vanu ya Kimakonde. Mwenzake Myao ataongeza mundu/wandu. Wakilinganisha, wataona kwamba lugha zao zimehifadhi irabu ya kiambishi mu-, ambayo Kiswahili kimeidondosha katika mtu. Watatambua pia kwa nini tunasema mwana: mu- ikikutana na irabu, u hugeuka w. Kanuni waliyoigundua wenyewe hawataisahau, hata swali liulizwe vipi.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Soma sura husika kabla ya mhadhara, uje na swali. Usiku huo huo funga daftari, uandike ulichoelewa kwa maneno yako, kisha ulifungue na kujisahihisha. Tafuta mfano mmoja katika lugha ya nyumbani. Mwisho wa juma, mweleze mwenzako. Utakapokwama ndipo penye kusomwa upya.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Ujinga ni kutoka na shahada ya lugha bila kuwahi kuiuliza lugha yenyewe swali hata moja.