Maji Ndani ya Kompyuta

Kadi ya picha ya GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, hula umeme hadi wati 450, karibu nusu ya pasi ya nguo! Ndiyo maana vijana wanang'oa feni na kufunga pampu, mipira na rejeta, kama gari. Mimi siwapingi. Ninacholalamikia ni haraka. Vifaa vingi vya bei nafuu hupoza chipu ya katikati tu. Chipu za kumbukumbu pembeni zinataka vibati vyake na upepo, la sivyo picha huchafuka na kadi inaweza kufa. Tena, kabla ya kuwasha kompyuta, endesheni pampu peke yake saa kadhaa, karatasi laini zimetandikwa chini ya viungo. Ikilowa hata moja, zimeni, mkaze upya.