PAKA ALIKUJA MWENYEWE

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye darasa la kisomo)



Leo nitasema juu ya paka. Msicheke. Mahindi yetu yapo ghalani, na panya nao wapo. Basi habari hii ni yetu.

Zamani paka hakukaa na watu. Babu yake ni paka-mwitu wa Afrika, ambaye wengine humwita kimburu. Mpaka leo yupo porini, hata hapa Tanzania. Mbwa alianza kukaa na watu walipokuwa bado wawindaji. Paka alingoja mpaka watu wakaanza kulima.

Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, watu wa nchi ambazo leo tunaziita Iraki, Siria na Uturuki walianza kulima ngano na shayiri. Walipovuna waliweka akiba. Panya wakanusa, wakaja. Paka-mwitu akawafuata panya. Wataalamu wanaeleza kwamba hakukamatwa wala kufungwa kamba. Alikuja mwenyewe, kwa sababu ya tumbo lake. Wakulima nao wakamwacha, maana aliwafaa.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza habari za kaburi moja katika kisiwa cha Kuprosi. Lina miaka kama 9,500. Ndani amelala mtu, na karibu naye paka. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Basi watu walimpeleka kwa chombo. Je, nani hupakia chomboni mnyama asiyemjali? Baadaye Wamisri wa kale walimheshimu mno, wakawa wanamzika amevikwa sanda.

Sasa, tunajifunza nini?

Kwanza, paka hajabadilika sana. Bado ni mwindaji. Wengine husema, "Usimpe paka chakula, atakuwa mvivu." Si kweli. Hata aliyeshiba huwinda, ndiyo tabia yake. Mwenye njaa huhama, au huiba kitoweo cha jirani, mkagombana bure.

Pili, sumu ya panya. Panya akila sumu, na paka akimla panya yule, paka naye aweza kufa. Panya waliobaki huzaana, na ghala halina mlinzi.

Tatu, paka pia hupata kichaa cha mbwa. Siku ya chanjo, msipeleke mbwa peke yake.

Ndugu zangu, mkulima na paka wana mapatano ya zamani: sisi tumtunze, yeye alinde chakula. Yeye hajayavunja. Tusiyavunje sisi.