Mzinga wa kwenye Kioo na Mzinga wa Mtini
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Wasini)



Leo tunazungumza juu ya nyuki, lakini tutaanza na mchezo. Vijana wanajua kuna gemu za kompyuta za kufuga nyuki. Moja yaitwa Hive Time, ilitoka mwaka 2019. Mchezaji hutuma nyuki kutafuta chakula, huongeza masega, na lazima apate malkia mpya kabla yule wa zamani hajafa. Nyingine ni APICO, ya mwaka 2022, ambayo ufugaji wake ni wa visiwani.

Mzee atauliza, nyuki wa kwenye kioo wana faida gani? Wanafundisha kwamba mzinga ni hesabu. Malkia hutaga hata mayai 1,000 kwa siku wakati wa maua. Kibarua huchukua siku 21 tangu yai mpaka kuwa nyuki kamili, na msimu wa kazi huishi kama wiki sita tu. Basi ukivuna masega yenye majana, umekata vibarua wa mwezi ujao. Kijana aliyecheza gemu hilo analielewa haraka.

Lakini kuna mambo ambayo kioo hakiumi mtu nayo.

La kwanza, nyuki wetu wa Afrika huhama. Wakikosa chakula au maji, au wakisumbuliwa na siafu, kundi lote laondoka. Kwenye gemu unaanza upya bure. Hapa pesa ni za kikundi, zimetoka kwenye samaki na kwenye mfuko wa mama.

La pili ni maji. Kisiwa hiki hakina mto, na tangu zamani watu wametegemea mvua na jabia. Nyuki nao wanataka maji baridi, si ya bahari. Kiangazi kikija, nani atatoa kata moja kila siku, na kuweka vijiti ndani ili wasizame? Mpangeni mtu huyo kabla ya kununua mzinga.

La tatu, nyuki wetu ni wakali. Akina mama wana daraja lao la mbao ambalo wageni hulipia kutembea juu ya mikoko na matumbawe. Mgeni mmoja akishambuliwa, pato hilo laharibika. Mizinga iwe mbali na daraja, na nyumba, na mbuzi.

La nne ni maua. Mchu ukichanua ndipo nyuki wanapopata chakula. Anayekata mchu anakata asali. Wenzetu wa Gazi, kwa mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, wamepata pesa za hewa ya kaboni kwa kulinda mikoko yao, na nyingine zikaenda kwenye maji na shule.

Ushauri wetu: msinunue mizinga ishirini kwa mkupuo. Anzeni na miwili, mwiangalie mwaka mzima. Wakati wa kuvuna, waachieni nyuki akiba yao. Kijana wa gemu mpeni daftari la kuandika hesabu, na mzee anayejua misimu akae naye.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Mizinga tutaiweka wapi, na ardhi ni ya nani?
2. Nyuki wakihama, hasara ni ya nani?
3. Pato la kwanza tutaligawa, au tutaongeza mzinga?