Kabla ya Kuchimba Tangi la Maji Taka Shuleni

(Maelezo ya afisa wa afya ya umma kwa walimu wakuu, bodi za usimamizi na kamati za wazazi wa shule za ukanda wa pwani)



Shule nyingi za pwani hazijafikiwa na mabomba ya maji taka. Kinachotoka chooni, bafuni na jikoni hubaki ndani ya ua wa shule, na mara nyingi ndani ya ua huo huo kuna kisima. Kwa hivyo swali la kwanza la bodi lisiwe bei ya saruji. Liwe hili: maji yakitoka kwenye tangi yataelekea wapi?

Wengi hudhani tangi husafisha maji. Kazi yake kubwa ni kutenganisha. Kizito huzama kikawa tope, mafuta huelea juu yakawa utando, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Vijidudu hivyo huzuiwa na udongo, maji yanapopenya polepole.

Hapo ndipo pwani ina taabu yake. Kuanzia Mtwapa hadi Watamu, sehemu kubwa ya ardhi iliyo karibu na bahari ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango. Fundi humwaga maji shimoni, yakatoweka mara moja, naye akafurahi kwamba shimo linakunywa vizuri. Hiyo si habari njema hata kidogo. Maji yaliyotoweka hivyo hayakuchujwa. Yamepita kwenye ufa, na ufa huo huenda unafika kisimani. Mita 30 zinazotajwa mara nyingi kuwa umbali salama zinafaa pale penye udongo unaochuja. Kwenye mwamba wenye nyufa hazitoshi kuwa kinga.

Basi ardhi ipimwe kwanza. Huchimbwa shimo dogo hadi kina kinachokusudiwa, hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe, kisha kesho yake hujazwa tena na kupimwa kwa saa na rula maji yanashuka kwa kasi gani. Kipimo hiki ni cha bei nafuu mno, na ajabu ni kwamba ndicho kinachorukwa. Maji yakikataa kushuka, udongo ni wa mfinyanzi, na shimo la kufyonza litafurika mvua za masika zikianza. Yakitoweka mara moja, maji ya tangi yapitishwe kwanza kwenye kitanda cha mchanga kilichoinuliwa, au kwenye bwawa la kokoto lililopandwa matete. Njia hii ya matete si ngeni pwani: Gereza la Shimo la Tewa lilijengewa bwawa kama hilo kwa ajili ya maji taka yake.

Sasa ukubwa. Shule si nyumba kubwa. Chukua shule ya bweni yenye wanafunzi 400, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku: hizo ni lita 16,000. Maji yanahitaji kutulia angalau siku moja, na nafasi kama hiyo iachiwe tope. Tangi ni la lita 32,000, yaani kina cha maji mita 2, upana mita 2.5 na urefu mita 6.4, chumba cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Wakichimbiwa la lita 8,000, hata likiwa jipya maji hukaa nusu siku tu, na tope huanza kusukumwa nje. Tena maji hayaji sawasawa: alfajiri wote wanaoga, mapumzikoni wote wako chooni. Likizo ikifika hakuna kitu, kisha siku ya kufungua shule mzigo wote unarudi kwa pamoja.

Maji ya jikoni yapite kwenye mtego wa mafuta unaosafishwa kila wiki. Kemikali za maabara zisiingie kabisa, wala dawa kali za kuua vijidudu zisimwagwe kwa ndoo, kwa sababu zinaua bakteria wanaomeng'enya tope.

Tope likifika theluthi moja ya kina, liitwe lori la kunyonya. Kuna matangi yamejengwa nyuma ya bweni ambako hakuna lori linaloweza kufika. Njia iachwe tangu kwenye ramani.

Vifuniko viwe vizito na vifungwe, kwa maana watoto hucheza kila mahali. Na mtu yeyote asiingizwe ndani ya tangi kulizibua, hata likiwa limeshanyonywa. Hewa yake huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayemfuata mwenzake kumwokoa hufa pia.

Ramani ipelekwe kwa afisa wa afya ya umma kabla ya jembe la kwanza. Siku hiyo hiyo maji ya kisima yachukuliwe yapimwe, na yapimwe tena baada ya masika ya kwanza tangi likiwa linatumika.