LINUX NA MICHEZO YA KOMPYUTA: NI NANI ANAYEAMUA?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiomba nizungumze nanyi, iliniagiza nichague jambo litakalowafaa vijana bila ya kuwachosha wazee. Nimechagua michezo ya kompyuta, ambayo vijana mnaiita gemu. Najua wako humu ukumbini watakaosema kwamba mtumishi wa serikali mwenye umri wangu amekosa la kusema. Nawaomba wanivumilie, maana ndani ya jambo hili dogo mna swali kubwa: ukinunua chombo kwa fedha yako, ni nani mwenye amri juu yake?

Kwanza tutazame hali ilivyo kwetu. Mimi ni mkazi wa Mbagala, na kazi yangu hunipitisha Temeke, Tandika, Mwananyamala hata Tegeta. Kila mtaa una kibanda cha gemu, na watoto hulipa kwa mechi. Majumbani nako kompyuta zimeingia, lakini nyingi ni za mtumba: zilitumika katika ofisi za ng'ambo, zikachoka huko, zikaletwa Kariakoo. Mzazi hujinyima, akanunua moja ili mtoto ajifunze. Mtoto naye, kama ilivyo desturi ya watoto, jambo la kwanza atakalotafuta ni gemu.

Gemu halali huuzwa kwa dola na hutaka kadi ya benki au kadi ya mtandao. Kwa hiyo kijana huazima flashi ya mwenziwe yenye gemu iliyovunjwa kufuli. Gemu huingia, na virusi navyo huingia pamoja nayo. Haupiti muda kompyuta inakuwa nzito, kazi za shule zinapotea, na mzazi anaitwa na fundi kulipa tena. Hayo nimeyaona katika nyumba nyingi za jirani zangu.

Juu ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel haikubali, kwa kawaida, mashine iliyo chini ya kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za mtumba hazifikii hapo. Mashine haijafa, inawaka na kufanya kazi, ila aliye mbali ameamua kwamba haina haki ya kuendelea.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, ukaungana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman iliyoanza mwaka 1983. Hauuzwi, na maandishi ya programu yake yako wazi: kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kumgawia mwenziwe. Wala si kitu kigeni kwetu. Kila mwenye simu ya Android humu ukumbini anatumia kiini cha Linux. Nacho Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyo katika Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Lakini nikiwaeleza vijana hivyo, hunijibu kwa sentensi moja: "Mzee, Linux haina gemu." Kwa miaka mingi jibu hilo lilikuwa la kweli. Mwaka 1998 iliundwa Marekani kampuni ya Loki Software, kazi yake ikiwa kuzigeuza gemu za Windows ziende kwenye Linux. Ilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2002. Wachapishaji wa gemu walisema hawatengenezi kwa ajili ya Linux kwa kuwa hakuna wanunuzi. Wanunuzi wakasema hawahamii Linux kwa kuwa hakuna gemu. Sisi wa pembezoni mwa jiji tunaujua mzunguko huo. Mwenye daladala hapeleki gari njia isiyo na abiria, na watu hawahamii mahali pasipofika daladala.

Mzunguko huo ulivunjwa na mwenye duka. Kampuni ya Valve ya Marekani ilifungua mwaka 2003 duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam. Halina mlango wala rafu: unalipa, unapakua, unacheza. Biashara ikakua ikitegemea Windows. Mwaka 2012 Microsoft ilileta Windows 8, yenye duka la Microsoft yenyewe ndani yake. Mkuu wa Valve, Gabe Newell, alilalamika hadharani. Alikuwa kama mfanyabiashara aliyejenga kibanda kwenye kiwanja cha mtu, na sasa mwenye kiwanja ameanza kuuza bidhaa zile zile. Februari 2013 Steam ikafunguliwa rasmi kwa watumiaji wa Linux. Hiyo haikuwa hisani; ilikuwa kujitafutia njia ya pili ya kutokea.

Safari haikuwa nyepesi. Mwaka 2015 zilitolewa mashine za gemu zenye Linux, hazikupata wanunuzi wa kutosha. Mwaka 2018 Valve ikaja na mbinu nyingine, iitwayo Proton, iliyojengwa juu ya kazi ya wapenzi wa Linux walioanza programu ya Wine mwaka 1993. Proton ni mkalimani. Gemu iliyotengenezwa kwa Windows inatoa maagizo kwa lugha ya Windows; Proton inayapokea na kuyageuza papo hapo yawe maagizo ambayo Linux inayaelewa. Mchapishaji halazimiki kuandika upya gemu yake. Mwaka 2022 Valve ilianza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi inayoendeshwa na Linux, na Oktoba 2025 takwimu za Steam zilionyesha, kwa mara ya kwanza, kwamba wachezaji wa Linux wamepita 3 katika kila 100. Ni wachache bado, lakini maelfu ya gemu sasa yanachezeka.

Yako na maduka mengine. GOG, lililofunguliwa mwaka 2008, lilianza kuuza gemu za Linux mwaka 2014, na sifa yake kubwa ni kutoweka kufuli: ukishapakua, unaweza kuhifadhi nakala yako kwenye diski na kucheza bila kumwomba mtu ruhusa. Duka la Epic, lililofunguliwa mwaka 2018, halikutoa programu ya duka lake kwa Linux.

Ndugu zangu, mkalimani anaweza mengi, lakini hawezi kumlazimisha mwenye nyumba afungue mlango. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni huwa na mlinzi wa kuzuia udanganyifu. Mwaka 2021 watengenezaji wa walinzi wawili wakubwa, BattlEye na Easy Anti-Cheat, waliwezesha walinzi wao kufanya kazi kupitia Proton. Kilichobaki ni mchapishaji mwenyewe kuruhusu. Wengine waliruhusu, wengine walikataa, na wengine waliruhusu kisha wakaghairi. Rocket League iliondoa mchezo wa mtandaoni kwa Linux Machi 2020. Apex Legends ya kampuni ya EA iliwafungia wachezaji wa Linux tarehe 31 Oktoba 2024. Na mchezo wa mpira wa EA, ambao ndio vijana wa Temeke na Kinondoni wanaupenda kuliko yote, tangu toleo la FIFA 23 la mwaka 2022 umewekewa mlinzi wa EA asiyeikubali Linux.

Tuwatendee haki wachapishaji. Hoja yao ina uzito. Katika Linux mwenye kompyuta anaweza kubadili hata kiini cha mfumo, na mdanganyifu anaweza kujificha humo. Mchapishaji akipiga hesabu ya gharama ya kuwasaka wadanganyifu hao, akailinganisha na idadi ndogo ya wateja wa Linux, huona heri aache. Lakini tufahamu pia kwamba Counter-Strike 2, mchezo wa ushindani mkali, unachezwa kwenye Linux. Hivyo si kwamba haiwezekani. Ni uamuzi wa mwenye mali, na sisi wanunuzi hatumo katika kikao kinachouamua.

Mwenye mali huyo ana mamlaka makubwa kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Ubisoft ilianza kuuza gemu ya The Crew mwaka 2014. Ilipozima mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa wameinunua hawakuweza tena kuicheza. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayoyataka maduka ya mtandaoni yamweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni tu, ambayo yaweza kuondolewa.

Historia ya nchi yetu inatukumbusha jambo hilo hilo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kutoridhishwa na mafanikio ya mitambo hiyo, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tulikuwa tumenunua mitambo, ujuzi wa kuitawala ukabaki kwa waliotuuzia. Tukaikataa mitambo, na miaka ikapita bila kuujenga ujuzi huo. Njia zote mbili zilitugharimu. Iko njia ya tatu: kukipokea chombo na kujifunza kilivyo ndani, na Linux inaruhusu hivyo.

Sasa niseme na vijana kwa matendo. Kwanza, kabla ya kununua gemu yoyote, uliza maswali matatu: Je, mchapishaji anaikubali Linux? Je, gemu ina kufuli? Je, mitambo yao ikizimwa, itachezeka? Katika tovuti ya ProtonDB wachezaji wenyewe hueleza gemu ipi inakwenda na ipi inakwama. Pili, usifute Windows kwa pupa. Linux inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Ikiwa unachotaka ni mpira wa EA tu, nakwambia kweli: Linux haitakufaa, afadhali ukacheze kibandani. Tatu, tambua nguvu ya mashine yako. Proton hutegemea mfumo wa picha uitwao Vulkan, na kwa chipu za Intel mambo huwa mazuri kuanzia kizazi cha 6, cha mwaka 2015. Mashine ya zamani zaidi bado ina kazi: SuperTuxKart, Battle for Wesnoth na Luanti ni gemu za bure, halali, zisizo na virusi, ingawa nazo hupishana kwa uzito.

Na kwenu wanachama wenzangu ninatoa pendekezo, ambalo ningeomba Katibu aliandike. Tusisubiri fedha za kompyuta mpya. Tuchange kompyuta zilizokataliwa na Windows 11, tuziwekee Linux, tuikabidhi shule chumba kimoja na chama cha wanafunzi cha kukisimamia. Huko kuna chombo cha kutengenezea gemu kiitwacho Godot, kilichofunguliwa kwa wote mwaka 2014. Ninyi vijana mna mchezo wa bao, mashimo 32 na kete 64, wenye hesabu inayowashinda watu wazima. Utengenezeni, muuandike kwa Kiswahili, muugawe bure. Mkifanya hivyo ninyi ndio mtakuwa wachapishaji, na uamuzi wa nani acheze na kwa mashine gani utakuwa wenu.

Wazee wenzangu, mtoto anayecheza gemu msimwite mvivu kabla hamjamwuliza gemu hiyo imetoka wapi na inafanyaje kazi. Akiweza kujibu, basi kompyuta mliyomnunulia kwa taabu imelipa.