Boti Kubwa au Ndogo? Kikundi Kipime Kabla ya Kununua

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), Kaunti ya Lamu



Kikundi kikishakusanya akiba ya kununua boti ya faiba iliyotumika, mara nyingi huzuka mvutano. Baadhi hutaka ya futi 30, wengine ya futi 20. Fedha ni za wanachama wote, na zikipotea ni vigumu kuzikusanya tena. Kwa hivyo swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: boti itafanya kazi wapi, na itabeba nini siku za kawaida?

Kikundi kinachovua ndani ya mwamba na kupita Mkanda kinaweza kutosheka na boti ndogo. Hupita penye maji haba wakati wa maji kutoka, na watu wachache huivuta hadi pwani. Lakini wanaovua nje ya mwamba, hasa Kusi ikivuma, wanahitaji boti ndefu yenye mbavu za juu. Huko boti ndogo si akiba, ni hatari.

Pili ni mafuta. Mashine ya nguvu za farasi 40, ya petroli iliyochanganywa na oili, ikienda kasi kamili hunywa takriban lita 16 kwa saa. Ya farasi 15 hunywa takriban lita 6. Kwa safari ya saa mbili, kwenda na kurudi, tofauti ni lita 20. Safari 20 kwa mwezi ni lita 400. Boti kubwa isiyojaa samaki hula faida ya kikundi, na mwisho hulala pwani.

Boti ndogo nayo ina mtego wake. Samaki wakiwa wengi, au kukiwa na harusi kisiwani, kila mtu huona bado kuna nafasi ya mmoja. Kikundi kisichoweza kumkataa abiria wa ziada kisinunue boti ndogo. Idadi ya watu iandikwe katika kanuni za kikundi, na nahodha aungwe mkono anapoisimamia.

Tatu ni hali ya boti yenyewe. Rangi mpya isimpumbaze mtu. Faiba igongwegongwe kwa vidole; panapolia tofauti, huenda imeachana au imeingia maji. Mashine iinuliwe na kuteremshwa. Ubao wa tezi unaoibeba ukicheza, huenda umeoza. Mashine iwashwe ikiwa baridi, na itoe maji ya kupooza bila kukatika. Kisha boti ikae majini saa nzima, ngama ichunguzwe. Muuzaji anayekataa majaribio hayo aachwe na boti yake.

Mwisho ni karatasi. Nambari za boti na mashine zilingane na hati za muuzaji, na usajili na ukaguzi ufuatiliwe kabla ya malipo kukamilika. Bajeti iwe na jaketi za kujiokolea kwa kila mtu atakayepanda.

Wahenga walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Boti inayofaa ni ile inayowarudisha watu nyumbani, na kitu mkononi.