Macho ya Jioni

Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo:

Jioni hii pale soko la Nakawa kuna mama atakayehesabu noti zake jua likiwa limeshazama, na hatakosea. Nataka tujue anawezaje.

Ndani ya retina yake mna protini iitwayo rodopsini, yenye asidi amino 348. Kwenye ile ya 296 imefungwa molekuli ndogo, retinali, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Gizani retinali hukaa imejikunja. Mwanga ukiigusa hunyooka, protini nzima hubadili umbo, na seli huupasha ubongo habari. Kisha inakuja hatua inayonistaajabisha kuliko zote: kimeng'enya hubandika fosfeti kwenye mkia wa protini, protini nyingine, arestini, huishika, na habari hukoma. Kuona kunahitaji kuzima sawasawa na kuwasha. Waliozaliwa na hitilafu katika hatua hiyo huhitaji saa kadhaa macho yao yazoee giza.

George Wald aligundua vitamini A ndani ya retina mwaka 1933, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Lakini mwili hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo pasipo chakula. Mtoto akiikosa huanza kujikwaa magharibi ikiingia. Upungufu ukizidi, konea hukauka, huoza, na upofu unaofuata haurudi nyuma.

Jibu moja la upungufu huo lilikuzwa karibu nasi, kwenye kituo cha utafiti cha Namulonge. Mtafiti wetu Robert Mwanga na wenzake walichagua na kuzalisha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vinavyoupa mwili vitamini A: Ejumula na Kakamega viliidhinishwa mwaka 2004, Vita na Kabode mwaka 2007. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kwangu mimi, hiyo ni sayansi ya macho kama ile ya maabara ya Wald, ila imeanzia shambani.

Wengi wenu mnakwenda kufundisha, na baadhi mtafundisha watoto wasioona. Mtoto anayeona vizuri mchana lakini akapapasa njia jioni, msimwite mzembe. Mpelekeni zahanati mapema. Mwulizeni mlezi wake nyumbani wanapika nini, na mwambieni viazi hivyo viliwe kwa mchuzi wa karanga, maana vitamini hiyo hufyonzwa pamoja na mafuta.